Mwenye programu akisafiri, nani atatueleza?

Vijana wenzetu, na nyinyi mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika, leo tuongee juu ya kitu kidogo: maelezo ndani ya programu. Wanaojifunza Python wanaijua ile mistari inayoanza na alama ya reli (#). Kompyuta inairuka. Wanaoisoma ni watu.

Mwenzetu mmoja alituandikia programu ya kupanga nafasi za darasa la kompyuta. Baadaye kesi yake ikapita, akapanda ndege kwenda Canada. Sisi tukabaki na programu. Ndani kulikuwa na hii:

if siku_alizokosa > 21:
    ondoa(jina)

Tukaona siku 21 ni nyingi mno, maana wanaongoja nafasi ni wengi. Tukaweka 7. Majina manne yakaondoka. Mmoja alikuwa mama aliyepelekwa kujifungua hospitali ya mjini. Alirudi na mtoto mgongoni, akakuta kiti chake kina mtu. Ndipo tukampigia mwenzetu. Akajibu kwa sentensi moja: "Wanaopewa rufaa hukaa hospitali hata wiki tatu." Sentensi hiyo ilitakiwa iwe imeandikwa pale pale, juu ya ule mstari.

Wapo wanaosema programu nzuri inajieleza yenyewe. Ni kweli, lakini nusu. Inaeleza inafanya nini, haielezi kwa nini. Ukiandika "# ondoa jina" hujatusaidia, hilo tunaliona. Andika "# siku 21: wagonjwa wa rufaa huchelewa kurudi". Hapo anayekuja nyuma yako atafikiri kabla ya kugusa.

Ukibadilisha namba, badilisha na maelezo. Maelezo yaliyopitwa na wakati yanapoteza watu kuliko kukosa maelezo kabisa. Na jamani, msiandike humo jina la mtu wala namba ya kadi yake ya posho. Programu zetu tunatumiana kwenye simu, hujui itafika wapi.

Ndugu wa mashirika, mkituletea programu, au mkipokea ya kwetu, ulizeni kwanza: maelezo yako wapi, na yako kwa lugha gani? Kiswahili kinatosha, Python haikatai.

Yule mama tulimrudishia nafasi yake, na ile 21 tukairudisha, safari hii na sababu yake juu. Kambini hakuna anayejua nani ataondoka lini. Andika leo, ungali upo.