Tuondoe Makorokoro, Tupate Kufikiri

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara baada ya Sala ya Ijumaa ni kwamba hotuba zimekuwa zikifanana mno. Aliyesali msikiti wa mtaa huu na aliyesali ng'ambo ya pili ya mji hukutana jioni wakagundua kuwa wamesikia kisa kile kile, kwa mpangilio ule ule, na pengine kwa kosa lile lile. Sababu yake haijifichi. Kisa hicho kimezunguka juma zima katika makundi ya WhatsApp, kikamfikia khatibu wa hapa na khatibu wa kule, na kila mmoja akakipandisha mimbarini kama alivyokipokea.

Wako wanaosema makhatibu wetu wamekuwa wavivu. Sisi hatuoni hivyo. Tunaloliona ni kwamba mtu ambaye simu yake imejaa maneno ya wengine hana tena pahala pa kuanzia neno lake mwenyewe. Wala hali hii si ya khatibu peke yake. Iko kwa mwalimu anayeandaa somo, kwa fundi cherehani anayetafuta mshono mpya, na kwa kijana atakaye kutunga shairi. Wote hao twawahimiza wawe wabunifu, ilhali hatuulizi ubunifu huo utakaa wapi.

Hebu tuitazame simu yenyewe. Mna picha za kutakiana Ijumaa njema zilizopokewa kutoka kwa watu kumi tofauti, mna mawaidha ya sauti ambayo hayakusikilizwa hata mara moja, na mna makundi ya harusi zilizokwisha zamani, maharusi wenyewe sasa wana watoto. Simu ikigoma kwa kujaa, mwenyewe hufuta kidogo, tena hufuta ili apate kupokea zaidi! Wenye WhatsApp waliliona tatizo la usambazaji huu. Mwaka 2019 waliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano tu kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda mahali pamoja tu kwa wakati. Nia yao ilikuwa kupunguza uvumi. Kuisafisha simu ya mtu ni kazi waliyomwachia mwenyewe.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walieleza jinsi vitu vingi vinapokuwa mbele ya macho kwa pamoja vinavyogombania nguvu ya ubongo, hata kile kinachotakiwa kuangaliwa kikapungukiwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas na wenzao waliwapa karibu watu 800 maswali ya kufikiri. Waliokuwa wameacha simu chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani, japo simu zote zilikuwa zimenyamazishwa. Ni haki kusema pia kwamba baadhi ya majaribio yaliyofuata hayakupata matokeo hayo. Lakini aliyewahi kukaa na simu ubavuni huku akijaribu kuandika kurasa mbili hangoji Texas imthibitishie.

Tena jambo lenyewe ni la kale kuliko simu. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alitumikia majumba ya watawala wa Fez, Granada na kwingineko, akazungukwa na barua, fitina na wageni. Mwaka 1375 aliyaacha yote akajitenga katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi iitwayo leo Algeria, akakaa huko karibu miaka minne. Hapo ndipo alipoandika Muqaddima, ambayo rasimu yake aliimaliza kwa muda wa miezi mitano mwaka 1377. Zingatia kwamba maktaba kubwa hakuwa nayo. Alipohitaji vitabu vya kuhakikishia aliyoyaandika, alirudi Tunis mwaka 1378. Fikra ilitangulia, rejea zikafuata. Sisi leo twaanza na rejea elfu moja, na fikra haiji.

Atasimama mtu aseme: mbona Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928 katika maabara iliyovurugika? Ni kweli, alirudi kutoka likizo akakuta sahani zake za vijidudu zimerundikana, na moja imeota ukungu. Lakini sahani hizo zilikuwa za kazi yake mwenyewe, na ukungu ule aliuona alipokuwa akizipitia moja moja baada ya kurejea. Meza ya fundi iliyotapakaa vipande vya nguo anayoishona hatuilaumu. Tunachokisema ni marundo yasiyoguswa.

Na marundo hayo yako hata katika nyumba za ibada. Fungua kabati la madrasa yoyote uone: vipaza sauti vilivyokufa, ratiba za Ramadhani zilizopita, daftari za wanafunzi waliokwisha kuoa, na juzuu zilizochanika. Juzuu hizi ndizo huwafanya watu waogope kugusa kabati zima. Hofu hiyo ni ya heshima, lakini wanavyuoni wamekwisha kubainisha njia za kuziondoa kwa adabu, ikiwemo kuzifukia mahali safi au kuziteketeza. Zikishughulikiwa hizo kwanza, yaliyobaki ni kazi ya asubuhi moja, na mwalimu atapata rafu ya kuweka vifaa vya somo alilolibuni mwenyewe.

Kwa khatibu twapendekeza jambo dogo. Usiku wa kuamkia Alhamisi simu yake ilale chumba kingine, naye akae na Msahafu, kalamu na karatasi tupu, ajiulize ni lipi lililowasibu watu wa mtaa wake juma hilo: bomba lililokauka, deni la riba, au binti aliyeachishwa shule. Maamuma nao wamsaidie. Kuanzia Jumatano hadi Sala ya Ijumaa wasimtumie chochote walichotumiwa na wengine.