Zima Antivirusi Kwanza

Ukipeleka laptopu kwa fundi akuwekee Windows ya magendo, atakwambia kitu kimoja kabla hajachomeka flashi: zima antivirusi kwanza. Nasi tunazima, bana. Mgeni wa usiku anakuomba umfunge mbwa ndipo aingie, nawe unamfunga na chai unamtilia. Mwezi ukiisha unalia ati faili zote zimegeuka shotikati na paswadi ya barua pepe imebadilishwa.

Mimi nililia hivyo. Nilikuwa nimeacha chuo kwa sababu ya karo, laptopu ndiyo ilikuwa ofisi yangu, na makala tatu nilizowaahidi wahariri zikaenda nayo. Fundi alinitoza mia tano kuiweka hiyo Windows. Kuitoa alitaka elfu moja.

Tangu siku hiyo natumia Linux Mint. Na sasa sababu zimezidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa ya juzijuzi, na laptopu nyingi za eksi-UK tunazonunua pale Luthuli hazina sifa hizo. Mashine inawaka, kibodi ni nzima, betri inakaa saa tatu, halafu mtu aliye mbali aamue imekufa? Tuipeleke wapi, Dandora? Mint 22 niliyoweka kwenye mashine kama hiyo itapata masasisho hadi 2029, na sikulipa hata ndururu.

Najua utasema Linux ni ngumu. Kuna siku ni ngumu kweli. Wi-Fi yangu, ya Broadcom, ilikataa katakata siku ya kwanza. Ilibidi nichomeke simu kwa waya nivute intaneti, ndipo draiva ikapatikana. Na mhariri akikutumia faili ya Word yenye majedwali, LibreOffice inaweza kuyavuruga vibaya sana. Lakini haya ni matatizo ninayoyaona na kuyashika mkononi. Ya fundi yule sikuyaona hadi yaliponimaliza.

Wanaonikera zaidi, kusema ukweli, ni wenzangu wa Linux. Wanajigamba ni bure, ni bure, halafu ile ngao ndogo ya masasisho kwenye kona ya skrini inawaka miezi sita hawaigusi. Bure ya nani? Mwaka 2024 Andres Freund, ambaye kwa kweli ni mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana faili iliyomo karibu katika kila Linux. Ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea, naye alikuwa amechoka. Aliyeupanda mlango huo alijifanya msaidizi mwema kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa. Uligunduliwa kabla haujafika kwenye matoleo thabiti ya Debian. Nusu sekunde tu ndiyo iliyotuokoa!

Sasa wewe unayejigamba, umewahi kuripoti hitilafu hata moja? Umetafsiri menyu moja kwa Kiswahili? Tunalalamika ati kompyuta haijui lugha yetu, na mlango wa kuifundisha uko wazi, hauna askari. Mimi mwenyewe nimetafsiri mistari arubaini hivi, kisha nikazubaa. Najisema pia.

Juzi nilirudi kwa fundi yule na flashi yenye Mint, nikamwonyesha. Akaibofyabofya, akaipenda, kisha akakuna kichwa.

"Sasa bosi, mteja asiporudi na virusi, mimi nitakula nini?"

Nikamwambia atoze ile mia tano ya kuweka, halafu atoze kidogo kila mwezi kwa kusasisha, kuangalia diski na kunakili faili za mteja. Akasema atafikiria. Nimemwachia flashi.