Gari Uliloliona na Gari Utakaloletewa



Shule zikifunga, watu wetu husafiri. Zamani safari ya Maskati ilikuwa na majira yake: majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na aliyetaka kwenda kuwaona jamaa zake aliteremka Bandari ya Kale akazungumza na nahodha ana kwa ana. Leo ni ndege. Nyumba nyingi za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, zina ami au shangazi Maskati, Dubai au Jidda, na anayefika huko na watoto hawezi kuwategemea wenyeji wamchukue kila aendako. Hukodi gari. Na mapatano ya gari hilo hufanywa kwa kidole juu ya simu, wiki kadhaa kabla ya safari, na mtu asiyemwona wala asiyemjua.

Wiki hii tumeletewa swali na mama mmoja wa Kuze. Safari yao ilikuwa ya watu sita: yeye, mumewe, watoto watatu, na mama yake mzazi ambaye magoti hayamtii tena. Aliagiza gari la viti saba kwenye intaneti akiwa nyumbani, akalipa ujira wote. Walipofika Maskati saa saba za usiku waliletewa gari la viti vitano. Karani aliwaambia kwamba hilo ni la daraja lile lile, na kwamba la saba halipo. Mume akachukua teksi pamoja na mtoto mmoja na mizigo, na kwa siku nne familia ikawa inatoka kwa mafungu mawili, nusu garini na nusu kwenye teksi. Siku ya pili bibi mzee akasema anaumwa na kichwa, waende wao, yeye atabaki. Binti yake alijua kwamba hakuwa anaumwa na kichwa. Mwanamke aliyewalea watu, aliyesafiri ili awaone wanawe wa ndugu kabla hajafa, amejiona yeye ndiye mtu wa sita katika gari la watano.

Anatuuliza: je, hii si ghashi? Na fedha walizochukua ni halali yao?

Kabla ya kumjibu, ni lazima tuseme jambo ambalo wengi hawalitambui wanapobonyeza picha. Ulilolikodi silo gari lile la pichani. Chini ya picha, kwa maandishi madogo, pameandikwa kwamba utapewa gari hilo au linalofanana nalo. Maneno hayo mawili matatu ndiyo mkataba wenyewe. Picha ni pambo tu.

Wanafunzi wetu hucheka wanapofika mlango wa ijara katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, kwa kuwa mifano yake ni ya kukodi wanyama wa kupanda, na hapa Mombasa punda si kipando cha mtu tena. Kwa hilo mtu aende Lamu. Lakini mlango huo unazungumza na mwenye simu mkononi kuliko anavyodhani. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ijara ni sampuli mbili. Ya kwanza ni ya kitu chenyewe, aini: nyumba hii, mnyama huyu aliyefungwa hapa mbele yetu. Ya pili ni iliyo katika dhima. Mwenye kukodisha hakuonyeshi mnyama. Anajifunga kukuletea kipando chenye sifa mlizokubaliana, na yeyote atakayemleta mwenye sifa zile, ametimiza.

Hukumu za sampuli hizi mbili hazilingani. Katika ya kwanza, mnyama akionekana na aibu, mkodi ana hiyari ya kuuvunja mkataba. Katika ya pili hana hiyari hiyo, kwa sababu mnyama aliyeletwa siye aliyekodiwa. Kilichokodiwa ni sifa. Haki yake ni kuletewa mwingine aliye na sifa zile, na mwenye kukodisha analazimika kubadilisha. Tena katika ya pili ujira hutolewa pale pale penye mapatano, na mnyama hutajwa jinsi yake na aina yake, na kama ni dume au jike. Na katika hali zote mbili mwenye kupanda naye lazima ajulikane, kwa kuonekana au kwa kuelezwa. Jambo hili la mwisho tutalirudia, maana ndilo linalosahauliwa mno.

Gari la kukodi ugenini, basi, liko katika dhima. Wala si hila ya makampuni. Gari lililokuwa lirudi jioni hii hurudi kesho, jingine limegongwa, jingine limeachwa mji wa pili. Hakuna mwenye magari mia anayeweza kukuwekea moja maalumu tangu mwezi uliopita. Wako wachache wanaoahidi chapa na muundo kwa jina, kwa bei ya juu, na anayetaka gari fulani kwa jina lake awatafute hao na ahakikishe ahadi imeandikwa. Wengine wote huuza sifa.

Sifa hizo zimeandikwa wapi? Makampuni makubwa yana alama ya herufi nne ambayo hutiwa katika karatasi ya uthibitisho, na msomaji wetu yafaa aijue kama anavyoijua bei. Herufi ya kwanza ni ukubwa: M ni dogo kabisa, E ni la bei nafuu, kisha C, I, S na F kwa kupanda. Ya pili ni umbo: C au D ni gari la kawaida la milango, W ni lenye buti refu, V ni la abiria wengi mfano wa Noah zetu, F ni lile la juu. Ya tatu ni gia: A ni otomatiki, M ni gia za mkono, B ni otomatiki inayosukuma magurudumu yote manne, na N ni ya mkono yenye magurudumu yote manne. Ya nne inahusu mafuta na kiyoyozi, na R maana yake kiyoyozi kimo, jambo ambalo Maskati ya mwezi wa Juni si anasa.

Tulimwomba mama yule atuonyeshe karatasi yake. Imeandikwa SFAR. Ukubwa wa wastani, gari la juu, otomatiki, kiyoyozi. Idadi ya viti haimo katika herufi hizo hata moja, na gari la juu la viti vitano ni SFAR sawasawa na la viti saba. Karani hakusema uongo alipotaja daraja. Lakini pembeni, karibu na kijipicha cha mtu, pamechapishwa 7. Hapo ndipo tuliposimama. Tarakimu ile ni sifa iliyotajwa katika mapatano na ujira umelipwa juu yake, basi ni deni katika dhima ya kampuni kama zilivyo herufi nne. Aliyeleta la viti vitano hajatimiza.

Ama neno ghashi, hatulitumii. Ghashi ni kuficha kwa kusudi, nasi hatumjui karani wala nia yake. Huenda la viti saba lilikuwa halijarudi kweli. Deni lakini halifutwi kwa udhuru. Siku nne alizolitumia gari dogo ana ujira wa gari dogo juu yake, kwa kuwa amestarehe nalo. Tofauti ya bei baina ya daraja alilolipia na alilopewa ni haki yake airejeshewe, na gharama ya teksi ana haki ya kuidai, kwani ilizaliwa na upungufu ule. Aiandikie kampuni, na stakabadhi za teksi aziambatanishe.

Yapo yaliyotaka kufanywa usiku ule ule, nasi tunayataja kwa ajili ya wanaosafiri mwezi huu. Karatasi ya kupokelea gari haitiwi sahihi kwa haraka. Saa saba za usiku, mtoto amelala begani na mzee amekaa juu ya sanduku, kila mtu hutia sahihi. Na sahihi tupu husomwa kuwa ni ridhaa. Kabla ya sahihi iandikwe kwa mkono: nimepokea gari la viti 5, nimeagiza la viti 7, nasubiri kubadilishiwa. Ipigwe picha. Mstari mmoja unatosha. Na kama unaweza kuchagua ndege ifikayo mchana, chagua, kwa kuwa mchana meneja yupo na magari yanarudi. Usiku yupo kijana mmoja na funguo zilizobaki. Siku mbili kabla ya safari piga simu ofisi ya mji unaokwenda, si ile iliyopokea fedha, utaje namba ya ndege na viti saba. Maskati jaribu Kiswahili kwanza. Waswahili wa huko ni wengi, na tumepata kusikia kwamba gari ambalo halikuwapo kwa Kiingereza lilipatikana.

Sasa mwenye kupanda. Wanavyuoni walitaka ajulikane kwa sababu mnyama humchukua mtu, na watu hawalingani uzito. Sisi tunaagiza gari kwa kuangalia umbo lake na rangi, na hatumwangalii mama. Akina mama wenye wazee nyumbani, chukueni futi. Mwambieni bibi apandishe mguu juu ya ngazi ya baraza, mpime ni kiasi gani anaweza bila ya kushikwa. Magari ya juu yanayopendwa na vijana wetu yana kizingiti kilicho juu kuliko goti la mzee, na tumeona wazee wakipandishwa kama magunia, heshima yao ikiwa mikononi mwa mpita njia. Lenye umbo la Noah, mlango wa kusukuma na sakafu ya chini, humfaa zaidi, na kiti cha magurudumu hukunjwa kikaingia nyuma. Hilo ni herufi V, si F. Wala usitarajie viti saba na masanduku sita pamoja: safu ya nyuma ikikaliwa, buti hubaki la mikoba.

Wanaotaka kuwapandisha watoto Jebel Akhdar wajue kwamba pale Birkat al-Mawz, njia inapoanza kupanda, kipo kizuizi cha polisi, na haliruhusiwi ila gari la magurudumu yote manne. Umbo la juu halimpumbazi askari. Mwenye SFAR huenda akarudishwa, mwenye SFBR hupita. Herufi moja tu.

Huko kote, Oman, Imarati na Saudia, gari huendeshwa upande wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto, kinyume cha kwetu. Kwa aliyejifunza Mombasa hilo peke yake ni kazi ya kutosha siku ya kwanza, asijiongezee gia za mkono kwa kuokoa fedha kidogo. Ghuba otomatiki ni nyingi. Ni Uturuki na Ulaya ndiko la bei ya chini mara nyingi huwa ni M. Kibali cha kimataifa cha udereva hutolewa na AA ya Kenya, nacho hakisimami bila ya leseni yako halisi kando yake.

Na akina dada wanaoendesha, jina lako liandikwe katika mkataba pamoja na la mumeo. Saudia yenyewe imewaruhusu wanawake kuendesha tangu Juni 2018, na safari ya Makka kwenda Madina ni ndefu kwa dereva mmoja. Katika kukodi mnyama mtu aweza kumpandisha mwenzake aliye mfano wake. Katika gari shuruti ya kampuni ni kwamba dereva asiyeandikwa haendeshi, na akigonga bima haimtambui. Shuruti uliyoikubali inakulazimu.

Kadi nayo izungumzwe mapema. Mbali na ujira, kampuni hufunga kiasi cha fedha katika kadi ya dereva kuwa dhamana, na huziachia siku au wiki baadaye, zikisha kukatwa faini za mwendo kama zipo. Dhamana hiyo haina ubaya. Tatizo ni kwamba kaunta nyingi hudai kadi ya mkopo, na wengi wetu tulioweka fedha katika benki za Kiislamu tunabeba kadi ya akiba yetu wenyewe, kwa kujiepusha na riba. Wapo wanaoipokea kadi hiyo kwa dhamana kubwa zaidi au kwa bima kamili. Waulize kwa maandishi kabla ya kulipa, kwa kuwa anayefika na kadi isiyokubaliwa hunyimwa gari hata kama ujira ameshautoa.

Mwisho, wanaoshukia Dubai kwa sababu nauli ni nafuu, kisha wakataka kuendesha hadi Maskati kwa jamaa: gari la Imarati halivuki mpaka ila kwa idhini ya maandishi ya kampuni na bima ya Oman. Si kila kampuni hutoa idhini hiyo, na inayotoa huitoa kwa baadhi ya magari yake tu. Ombi hilo litiwe katika mapatano siku ile ile ya kuagiza, pamoja na viti na gia.