Panga siku yako, usiwe mpangaji

Juzi rafiki yangu mmoja, mchapakazi kweli kweli, alinionyesha simu yake kwa fahari. Kapata programu mpya ya kupangia siku. Ina rangi saba, ina vijiduara vinavyojaa ukimaliza kazi, na ina sauti ya kukupongeza. Anailipia kwa dola kila mwezi. Nikamuuliza: jana umemaliza mangapi? Akacheka. Jumapili nzima ilikwisha akichagua rangi.

Mimi siku zangu nazipanga kwenye faili moja la maandishi matupu linaloitwa siku.txt. Halina rangi wala pongezi. Wenzangu ofisini wakiliona hucheka: "Mwandishi wa habari mzima unatumia Notepad?" Ndiyo, natumia. Na leo naomba niseme waziwazi: vijana wasomi wa mjini tunapigwa changa la macho, tena tunalipia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nafuatilia mgogoro wa kiwanja kule Mbagala. Mama mmoja, mjane, alikubali kunionyesha karatasi zake zote. Akaniambia, "Njoo kesho saa nne, mwanangu." Nikaiingiza 4 kwenye programu yangu ya kulipia, nikalala usingizi mnono. Kesho yake kengele ikalia saa kumi jioni, maana kwa programu ile 4 ni hiyo. Nilipompigia, nikampa shikamoo, akaitikia kwa upole, kisha akasema: "Nilikungoja mpaka adhuhuri. Nimezoea kungoja watu wa ofisi. Sikudhani na wewe ni mmoja wao." Karatasi hakunionyesha tena. Habari ile sikuiandika.

Kosa ni langu, nakubali. Lakini jiulize: kwa nini mtu aliyezaliwa Temeke apange miadi na mtu wa Mbagala kwa saa ambayo hakuna kati yao anayeitamka? Siku yetu huanza jua likichomoza. Saa moja ni saa moja. Mzee akikwambia njoo baada ya Alasiri, unaelewa. Programu itakuuliza dakika ngapi. Kwenye faili langu naandika "saa 4 asb" au "baada ya Alasiri" na hakuna anayenisahihisha. Nilipolifungua faili hili kwa mara ya kwanza, mstari wa kwanza ulikuwa: saa 4 asb, Mbagala, omba radhi.

Sasa tuje kwenye kodi. Kiswahili kina neno moja, kupanga. Unapanga siku, na unapanga chumba. Wenye programu hizi wameyaunganisha yote mawili: ukipanga siku kwao, umekuwa mpangaji. Mwenye nyumba ana haki zake. Astrid ilinunuliwa na Yahoo mwezi Mei 2013, Agosti ikazimwa. Sunrise, kalenda iliyopendwa sana, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015, mwaka 2016 ikafungwa. Wunderlist ya Berlin nayo ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015, Mei 6, 2020 ikafungwa, wapangaji wakaambiwa wahamishie vyombo kwenye nyumba nyingine ya tajiri huyo huyo. Evernote ilipofika Desemba 2023 ikawaambia wanaotumia bure: mwisho wenu noti 50 na daftari moja. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Nyumba si yako, basi.

Na mlango wa nyumba hiyo uko mbali. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikawa ya kubahatisha katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kama ratiba yako, namba za watu wako na ahadi zako zote zilikuwa kwenye seva ya ng'ambo, siku zile ulikuwa nani? Mimi nilifungua siku.txt. Lilifunguka.

Kwa waandishi wa habari kuna jambo zito zaidi. Ratiba yetu ni orodha ya watu waliotuamini: nani nakutana naye, wapi, kwa sababu gani. Unaipeleka kwa kampuni ambayo masharti yake hujawahi kuyasoma, halafu unajiita mlinzi wa vyanzo vya habari?

Haya, linafanyaje kazi? Mtindo huu sikuubuni mimi. Mwaka 2006 Gina Trapani, mwanzilishi wa Lifehacker, alianzisha todo.txt kwa wazo hilo hilo: kazi moja, mstari mmoja. Langu ni rahisi zaidi. Kila asubuhi naandika tarehe, halafu mistari:

- saa 3 asb, kikao cha dawati
x mpigie fundi wa kamera
? karani wa baraza la ardhi, nakala ya hukumu
> risiti za nauli kwa mhasibu

Kistari ni kazi ya leo. Herufi x, imekwisha. Alama ya kuuliza, nangoja mtu. Mshale, imesogezwa kesho. Jioni natafuta alama za kuuliza kwa Ctrl+F, najua nani ananidai na nani namdai. Kazi ikipata mishale mitano, najua sina nia nayo. Naifuta bila machozi. Ukitumia Notepad, andika .LOG kwa herufi kubwa kwenye mstari wa kwanza kabisa: kila utakapolifungua faili, litajiandikia saa na tarehe mwishoni.

Ukubwa? Kwa maneno 200 kwa siku, mwaka mzima haufiki nusu megabaiti. Picha moja ya simu yako ni nzito kuliko mwaka wako. Na Kiswahili chote, hata ng' ya ng'ombe, kinaandikika kwa herufi za ASCII, kanuni ya tangu miaka ya 1960 ambayo kompyuta bado zinaisoma. Siku hizi Notepad yenyewe imetiwa vitufe vya akili mnemba. Sina wasiwasi. Kesho nikiichoka, faili langu linafunguka kwenye programu nyingine yoyote ya maandishi.

Najua mtakachosema. "Faili halilii kengele." Kweli. Kwa mambo mawili matatu ya siku natega kengele ya simu, tena nikiwa nimekwisha kuigeuza saa mwenyewe kichwani. "Laptopu ikiibwa je?" Kila Ijumaa nanakili kwenye flashi iliyofungwa kwa neno la siri, nayo inakaa nyumbani. "Na kazi za timu?" Hapo nawapa haki yenu: watu kumi wakipanga kikao kimoja, kalenda ya pamoja ni bora. Lakini siku yako wewe si kikao cha watu kumi.

Sisemi faili litakufanya uwe mchapakazi. Mvivu atakuwa mvivu hata kwa maandishi matupu. Tofauti ni kwamba hapa hakuna rangi za kujifichia. Mstari uliouandika Jumatatu unakukodolea macho mpaka Ijumaa, kwa maneno yako mwenyewe na kwa saa yako mwenyewe.

Mwenye hoja ya kunipinga namkaribisha kwa mikono miwili. Ila aje kwa wakati, na tukisema saa nne, iwe saa nne.