Neno "Huoza" Lithibitishwe

Ndugu mwandishi, umedai kwamba kudhibiti neno "huoza" kwenye mifuko ni kumbebesha mzigo muuza duka. Hapana. Mzigo ni wa kiwanda kinachoandika. Muuza duka naye anadanganywa kama mimi.

Huku Madibira, Tanzania, tulipozibua mfereji wa mashamba ya mpunga, nilichomoa mfuko uliojaa tope. Nikausuuza: neno lile bado linasomeka, herufi zote. Hata PLA, plastiki itokanayo na mahindi, huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi ili ioze upesi. Mfereji wetu utalipata wapi? Tangu 1 Juni 2019 tumepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Tusiirudishe kwa neno moja. Anayeandika "huoza" aandike pia wapi, na kwa siku ngapi.