Makato ya Bima na Siasa ya Ujamaa

Wako wenzetu hapa Geita wanaonung'unika kwamba hukatwa mshahara kwa ajili ya Bima ya Afya, nao hawaugui. Twawaomba wakumbuke yaliyopita. Siasa ya Ujamaa, iliyotangazwa Arusha mwaka 1967, ilishika kwamba tiba si bidhaa. Hata mwaka 1977 sheria ikakataza hospitali za watu binafsi zitafutazo faida, zikaachwa za misheni. Walakini fedha za Serikali zilipungua, dawa zikaadimika. Marufuku ile ikaondolewa mwaka 1991, na mwaka 1993 ada zikaanza kutozwa katika hospitali za Serikali.

Mfuko wa watumishi ukafuata mwaka 2001: mtumishi asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri 3. Mkuu wa idara hutoa nyingi, tarishi hutoa kidogo, na wote hutibiwa. Bima ya faida haifanyi hivyo. Hupima umri wa mtu na maradhi yake. Basi Ujamaa haukufa katika makato haya, ila ulifungiwa ofisini. Mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Nyarugusu hana karatasi ya mshahara, naye ndiye avunjikaye mguu shimoni. Sheria ya mwaka 2023 yataka kila mtu awe na bima. Nasi hatukubaliani kabisa na wale wasemao kwamba mchimbaji huyo atatumalizia mfuko.