Bwawa Limekamilika, Mbona LUKU Haishuki?



Juzi baada ya kliniki ya watoto, mama mmoja wa Mbagala alinivuta pembeni. Mumewe alimpa Sh. 10,000 za umeme, akapata uniti chache kuliko alizopata wiki mbili kabla kwa fedha zilezile. Sasa anatuhumiwa kwamba nyingine amezila. "Dada," aliniuliza, "bwawa la Rufiji limekamilika. Mbona LUKU haishuki?"

Tuanzie sokoni. Pale Tandika, bei ya nyanya hutegemea wingi wake na umbali zilikotoka. Umeme nao ni hivyo, ila hauwekwi tengani kusubiri kesho. Sehemu kubwa huzalishwa saa ileile unapotumika. Maji ya mto hayanunuliwi, lakini mvua ikikosekana hupungua. Gesi na mafuta hulipiwa kila siku. Ndiyo maana ukame wa 2006 na 2011 ulituletea mgawo na mitambo ya gharama kubwa.

Kwa hiyo nchi jirani huuziana. Umoja wa umeme wa Afrika Mashariki ulianzishwa mwaka 2005. Kenya ilianza kununua umeme wa Ethiopia mwaka 2022, na nyaya zetu ziliunganishwa na za Kenya mwaka 2024. Kwenye soko la kusini mwa Afrika, wauzaji hupangwa kuanzia wa bei ya chini, na wa mwisho anayehitajika ndiye huweka bei ya saa hiyo. Jioni, kila nyumba inapowasha taa na kupika, bei hupanda.

Mwaka 2025 Serikali ilipotaja kununua umeme wa Ethiopia kwa mikoa ya kaskazini, wengi walishangaa, maana bwawa la Nyerere lina megawati 2,115. Sababu iliyotolewa ni umbali: umeme hupotea njiani, kama maji ya ndoo inayovuja.

Lakini mita yako haifuati bei ya kila saa. EWURA hupanga bei kwa kupima gharama zote: mitambo, nyaya, transfoma na matengenezo. Bwawa ni sehemu moja tu.

Basi zile uniti zilikwenda wapi? Bei zilizoanza mwaka 2016 zilimtoza mtumiaji mdogo Sh. 100 kwa uniti, mpaka uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi, Sh. 350, bila kodi. Mama yule anachangia mita moja na wapangaji watatu. Kwa pamoja walikwisha kuvuka 75. Tena tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU.

Mama, tunza risiti zako, na kama wapangaji mnaweza, ombeni kila mmoja mita yake. Pigeni pasi nguo zote kwa mkupuo mmoja. Zaidi ya yote, keti na mumeo msome risiti pamoja. Yule wa Mbagala alifanya hivyo, na ugomvi ukaishia mezani.